Bangili ya Kalunde

Kila asubuhi kisanduku cha ukutani kilimsalimu mke wangu, na mke wangu alikuwa ameshazikwa.

"Mwangaluka, Kalunde. Umelala vizuri. Moyo wako umetulia. Kikombe chako kitakuwa tayari jua likitoka."

Kutoka chumba cha pili mwanamke akajibu, "Mwangaluka na wewe, mwanangu. Hebu muulize huyo mume wangu, chai iko wapi?"

Nilikuwa nimeinama jikoni. Nilimimina chai, nikatia asali, nikampelekea Sechelela. Alikuwa amekaa kitandani, miguu inaning'inia, kanga ya Kalunde begani, bangili ya Kalunde mkononi. Akaonja, akakunja uso.

"Asali yote hii? Unataka kuniua mara ya pili?"

"Kunywa, mtani."

"Mtani wako nani? Mimi mkeo. Kisanduku kimesema."

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilichoka kucheka tangu siku tuliyorudi kutoka makaburini, na tangu hapo sijui kicheko kilikwenda wapi. Nilitoka nje. Mkeka wa msiba ulikuwa bado umetandikwa uani, umefifia kwa jua, na hakuna aliyekuwa akiukalia tena ila kuku. Tanga lilikuwa halijaanuliwa. Ndugu wa Kalunde walikuwa wakiniuliza lini, nami nilikuwa nikijibu, bado.

Nilichukua kikombe kitupu cha bati chenye jina la mke wangu nikaelekea zahanati, kama nilivyofanya miaka yote ya ugonjwa wake.

*

Niseme jinsi ilivyotokea, maana aliyetengeneza bangili hizi hakuwa na watani, na ndiyo sababu hakufikiria jambo kama hili.

Sechelela ni Mgogo wa jimbo jirani, upande wa mashariki. Alikuwa akivuka mpaka na magunia ya chumvi na mlenda mkavu kuuza sokoni kwetu. Kalunde alimnunulia chumvi mara moja tu. Kuanzia hapo hawakununuliana kitu, walikuwa wakitukanana. Sechelela alisema Wanyamwezi tulibeba mizigo ya watu mpaka pwani, akili tukaisahau njiani. Kalunde alimwambia Wagogo njaa ndiyo shemeji yao, haiwezi kuja bila kulala. Walikuwa wakicheka mpaka Kalunde anashika kifua. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema jamani, moyo wake. Walikuwa wananitazama kama niliyemwaga maji motoni.

Kalunde alipokufa, Sechelela alipewa pasi ya msiba mpakani. Mgeni mwenye pasi hiyo hukaa kwetu mpaka tanga lianuliwe, kisha anarudi kwao. Alifika waoshaji wanamaliza kazi. Bangili ilikuwa imevuliwa, imewekwa kwenye beseni pamoja na hereni. Akaichukua, akaivaa. Akachukua kanga, akajifunga. Akatoka uani akitembea kama Kalunde, taratibu, mkono mmoja kiunoni, akasimama mbele ya waombolezaji akakohoa kikohozi cha Kalunde.

"Mihayo," akaniita kwa sauti ya mke wangu. "Umelia vya kutosha. Mizinga imejaa asali, nyuki hawajui kwamba nimekufa."

Watu waliangua kicheko huku machozi yanawatoka. Ndivyo mtani anavyofanya kwetu. Anachukua mali ya marehemu, anamwigiza, anawazuia wafiwa wasifuatane naye chini.

Makaburini alishuka kaburini kabla ya jeneza. Akajilaza chali, mikono kifuani.

"Sitoki! Udongo wenu laini namna hii. Kwetu mtu akifa tunamchimbia kwa tindo. Hapa nimepata, hapa nalala."

Shemeji zangu walimrushia kuku, akamkataa. Wakaongeza gunia la karanga, akatoka akijipangusa vumbi, analalamika kwamba tumembania. Kanga na bangili hakurudisha. Mali ya marehemu aliyoshika mtani haiombwi. Inakombolewa siku ya kuanua tanga, kwa kitu atakachotaja mwenyewe, na mfiwa hawezi kukataa.

Kesho yake asubuhi kisanduku kilisema, "Mwangaluka, Kalunde."

*

Kwa asiyetoka kwetu, mambo yako hivi. Katika Jimbo la Igombe kila mtu huvishwa bangili akiwa mchanga, na inatanuka kadiri mkono unavyokua. Inaonja jasho, inasikiliza damu, inapeleka habari kwenye mtungi wa kata. Mtungi ni pipa refu kuliko mtu, lipo zahanati, na ndani yake mna chachu iliyofundishwa kazi. Kama bibi zetu walivyopika pombe kwa mtama, chachu hii hupika dawa kwa molasi na maji. Kila mgonjwa na dawa yake, kila siku na kipimo chake, kufuatana na bangili ilivyosema usiku. Dawa haisafiri, haiwekwi ghalani, haiharibiki, haina dalali. Ndiyo maana kwetu haina bei. Nilipokuwa mtoto watu waliuza mashamba kwa ajili ya shinikizo la damu. Wanangu hawajui habari hizo.

Kifo nacho husemwa na bangili. Ikipoa mchana na usiku mzima, mtungi unajua. Zamani ilikuwa kazi ya watumishi, wakajaza zahanati wagonjwa hewa, wakanywa pesa za dawa za watu ambao hawakuzaliwa. Jimbo likawanyang'anya kalamu. Tangu hapo hakuna mganga wala mtendaji anayeweza kumwandika mtu kuwa hai au amekufa. Bangili tu.

Ya Kalunde ilipoa tangu asubuhi mpaka alasiri. Kisha Sechelela akaivaa, ikapata joto.

Wataalamu waliifundisha isishangae damu ikibadilika, maana mtu akitibiwa damu yake hubadilika. Walihakikisha mwizi hawezi kuivua kwenye mkono wa mtu aliye hai bila kelele. Lakini nani angevaa bangili ya maiti? Kwao waliona hilo haliwezekani. Kwetu ni adabu.

Kikombe cha kwanza nilichopewa baada ya mazishi nilikimwaga kaburini. Cha pili Sechelela alininyang'anya mlangoni.

"Dawa yangu hiyo," alisema, akanywa yote, akajifuta mdomo kwa kanga kama alivyokuwa akifanya mke wangu. Mashangazi waliokuwa uani wakapiga vigelegele. Nami nikaacha. Sikuwa na nguvu ya kukataza kitu chochote siku zile.

Baada ya muda miguu yake ilipungua. Sikuwa nimejua kwamba ilikuwa imevimba, nilidhani ni mnene. Uso nao ukashuka, macho yakafunguka. Asubuhi moja nilimkuta anafagia uani tangu mlangoni mpaka kwenye mizinga, hatua kwa hatua, hatweti.

"Mtani," nikamwambia, "wewe ulikuwa unaumwa."

Akaegemea ufagio.

"Figo," akasema. "Kwetu waliniambia zimebaki kidogo. Dawa ipo dukani. Mume wangu aliuza ng'ombe mpaka akabaki na fimbo, halafu akafa yeye, mzima kabisa, kwa mawazo. Nikasema basi, chumvi itanitosha mpaka nitakapofika." Akatazama bangili. "Mihayo, sikuichukua kwa ajili hiyo. Niliichukua kwa utani."

"Najua."

"Na sasa siwezi kuivua."

"Nani kakwambia uivue?"

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Kata nzima ilijua. Waliomzika Kalunde walimpita Sechelela sokoni wakamwita Mama Milembe, kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali, naye aliwaitikia. Walicheka. Hakuna aliyesema neno lingine.

*

Yusta ndiye anayetunza mtungi wa Itambo, kata yetu. Ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye tabia ya kusugua macho kwa kiganja. Alimuuguza mke wangu, alikuja mazishini, na kila asubuhi alinipa kikombe cha Kalunde bila kunitazama usoni.

"Kisanduku hakijapata habari," alisema siku za mwanzo. Baadaye hakusema kitu.

Siku moja, jua limekwisha kupinduka, alinifuata mwenyewe kwenye mizinga. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa mbali na zahanati mchana. Alikaa juu ya gogo, akasugua macho.

"Baba Milembe, wamenipigia kutoka makao makuu ya jimbo. Wamefurahi sana. Wanasema katika jimbo zima, mgonjwa wa moyo aliyepona kabisa ni mmoja tu. Kalunde wa Itambo."

Nilikuwa nimeshika bomba la moshi. Nyuki walianza kunizunguka, nikasahau kulipuliza.

"Mapishi yake," akaendelea, "yanatumwa mitungi yote Ijumaa. Kila mwenye moyo dhaifu atapikiwa dawa hiyohiyo."

"Dawa ya figo."

"Mimi sijasema ya figo." Aliinua mkono. "Tafadhali. Usiniambie kitu ambacho nikikisikia lazima nikifanyie kazi. Nakueleza tu dawa inavyofanya. Inaisukuma damu ipite kwa nguvu. Moyo mzima unavumilia. Moyo kama ule wa Mama Milembe..."

Niliujua moyo ule. Niliusikiliza nikiwa nimelala ubavuni mwake, unaruka, unasimama kidogo, unakumbuka. Kulikuwa na usiku nilioupitisha nikihesabu mapigo mpaka nikalala mimi, yeye akabaki macho. Katika kila kata kuna mtu kama yeye, na mtu kama mimi anayempelekea kikombe. Siku ya Ijumaa huyo mtu angekipeleka akiwa na furaha.

"Huwezi kuwaambia wasubiri?"

"Kwa sababu gani? Nikisema si damu ya Kalunde, wataniuliza ni ya nani. Askari wa mpaka watafika hapa kabla ya wataalamu. Na si yeye tu. Watapita nyumba hadi nyumba kutafuta bangili nyingine."

"Apewe yake basi. Avishwe bangili yake, anywe dawa yake. Mtungi umeshaizoea. Unazidiwa na nini kwa mtu mmoja?"

Yusta alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Umewahi kufika mpakani asubuhi, Baba Milembe? Wagonjwa wamelala kwenye maboksi, na watoto wao. Kwao wanauza, kwetu tunagawa. Nilishauliza siku nyingi, kwa ajili ya mwingine. Wakaniambia kila mtungi unapikia watu wake. Tukifungua kwa mmoja tufungue kwa wote, na tukifungua kwa wote, chachu itachoka, na sisi tutaanza kuuza. Nililia siku ile. Lakini sikupata jibu la kuwapa."

Mimi pia sikulipata. Nimeendelea kulitafuta.

"Na bangili ikipoa?" nikauliza.

Alisimama, akajipangusa gauni. "Mapishi ya marehemu hayatumwi. Mtungi unayafuta wenyewe. Ndiyo sheria ya kwanza waliyoufundisha." Alitembea kidogo, akageuka. "Nilikuja kununua asali. Mtu akiuliza."

Nilimwekea chupa juu ya gogo. Alisahau kuichukua.

*

Nilimkuta Sechelela kwenye mkeka wa msiba anabangua karanga. Kuku walikuwa wamemzunguka, anawatukana kwa Kigogo. Nikakaa, nikachukua konzi ya karanga, tukabangua pamoja mpaka ungo ukajaa nusu.

"Sema," akasema. "Ukikaa kimya hivyo unanikumbusha mume wangu alipouza ng'ombe wa mwisho."

Nikamweleza. Nilimweleza bila kupunguza, kwa sababu sikujua namna ya kupunguza. Alisikiliza mikono ikiendelea na kazi. Nilipomaliza alipuliza maganda, yakapaa.

"Ijumaa," akasema.

"Ijumaa."

"Na hao wenye mioyo, hatuwajui hata mmoja."

"Hatuwajui."

"Wangekuwa Wazaramo ningewaacha." Alinitazama nione kama nitacheka. Hakukuwa na kitu usoni mwangu, akarudi kwenye karanga. "Wewe unataka nini, Mihayo?"

Nilitaka mambo mawili. Nilitaka kisanduku kinyamaze, ili mke wangu awe amekufa na mimi nianze kumkosa sawasawa. Jina lake lilikuwa likiitwa kila alfajiri na moyo wangu ulikuwa ukiamka kabla yangu, unakimbilia chumba cha pili, kisha unarudi mikono mitupu. Na nilitaka Sechelela aendelee kufagia uani bila kutweta. Nilimwambia yote mawili.

"La kwanza ni lako," akasema. "La pili unanionea huruma tu."

"Siyo huruma. Nyumba imekuwa na sauti."

Jogoo alipanda kwenye ungo, hakumfukuza.

"Nikiivua nitarudi nilikokuwa," akasema. "Napakumbuka huko. Unaamka umechoka, unapanda kitandani umechoka, unakojoa moto. Nilikuwa nimeshazoea. Mmeniharibu nyinyi na kikombe chenu." Akageuza bangili mkononi, mara moja, mara mbili. "Ningekuwa sijaionja hiyo nafuu, ningeivua sasa hivi nikaitupa chooni, nikaonekana mwema."

"Usipoivua sitakulaumu."

"Utanilaumu. Hutasema, lakini asali kwenye chai itapungua." Akainuka, akashika kiuno kama Kalunde. Sijui kama aliigiza au ilikuwa desturi yake sasa. "Waite ndugu zako. Tuanue tanga Jumatano. Bangili ya marehemu siivui kama mwizi, nyumbani, mlango umefungwa. Mimi ni mtani. Mnikomboe mbele ya watu."

*

Jumatano watu walijaa uani. Tulinyolewa nywele. Majivu ya moto wa msiba yalizolewa, mkeka ukakung'utwa. Yusta alikuja, akasimama nyuma karibu na ukuta.

Sechelela alitoka ndani amevaa kanga ya Kalunde. Alitembea polepole, mkono kiunoni, akakohoa. Lakini safari hii watu hawakucheka haraka, maana alikuwa amempata kupita kiasi. Nilimwona mdogo wake marehemu akiziba mdomo.

"Nimekaa na huyu bwana," alisema kwa sauti ya mke wangu, "tangu nife, na chai yake imezidi kuwa mbaya. Sasa nimechoka. Nataka kwenda. Nani ananikomboa?"

"Sisi," shemeji yangu akaitikia. "Taja, mtani. Mbuzi? Jembe?"

"Mbuzi wenu wamekonda kama wenyewe. Jembe nitalimia nini, jiwe? Mihayo, simama."

Nikasimama.

"Siku ya mazishi nililala kwenye kaburi langu nikaona udongo laini. Mkanitoa kwa kuku na karanga, mkanipunja. Leo nataka mahali hapo. Ubavuni mwa Kalunde, upande wa mizinga. Asiwekwe mtu mwingine. Nitakuwa mke mwenza wake huko chini, nimsumbue."

Watu waliangua kicheko, kikubwa, cha kweli. Kisha kikapungua kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri kila mmoja alivyoelewa, mpaka nikasikia nyuki.

Mfiwa hawezi kukataa. Nilisema, "Nimekupa."

Alivua bangili. Ililia mlio wake mwembamba, akaifunika kwa kiganja kama unavyomnyamazisha mtoto, kisha akaitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa kivulini. Sauti ikakatika. Akavua na kanga, akaikunja, akanipa. Ndani alikuwa na gauni lake la zamani la kijani, la siku za chumvi, nalo lilikuwa limempwaya.

"Poleni na msiba," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Shemeji zangu wakakunja mkeka.

Alhamisi jioni kisanduku kilinena kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia. "Mihayo, jimbo linakupa pole. Mkeo Kalunde amefariki. Alikuwa anaendelea vizuri." Nilikaa sakafuni nikalia. Sechelela alikuwa mlangoni akijifunga kilemba.

"Kiambie tulishalia," alisema, lakini akaja akakaa karibu yangu.

Ijumaa hakuna mapishi yaliyotumwa.

*

Pasi ya msiba ilikuwa imekwisha. Yusta alitafuta njia kwa siku kadhaa, akaja na moja. Mke halali wa mtu wa Igombe haondolewi, na akimaliza msimu mmoja wa mvua ndani ya jimbo, anavishwa bangili. Kabla ya hapo mtungi haumjui.

"Haya, nioe," Sechelela alisema. "Umeshalipa kaburi, ndoa ni chenji."

Tulikwenda kwa mtendaji. Aliponiuliza kama naingia kwa hiari yangu, Sechelela alimwambia naingia kwa kuchoka, na mtendaji akashindwa kuandika kwa kucheka. Tulirudi nyumbani kila mtu kwenye chumba chake.

Tukasubiri mvua. Mvua ilichelewa. Miguu yake ilirudi kuvimba kabla ya wingu la kwanza. Nilimpikia kila majani niliyoambiwa, nilimpunguzia chumvi, naye akasema huo ndio ukatili mkubwa kuliko wote, kumnyima muuza chumvi chumvi. Yusta alimpitia kila jioni. Mtungi ulikuwepo pale, hatua chache, chachu yake inaijua dawa ile barabara, nayo ilikuwa imekatazwa kuikumbuka. Kila asubuhi nilimpelekea chai. Aliposhindwa kukaa, nilimshikia kikombe.

"Chai iko wapi?" alikuwa akiuliza huku anaiona.

Mvua zilianza. Mahindi yalipofika magotini alifariki, alasiri, mlango umefunguliwa ili asikie nyuki.

Asubuhi ya mazishi kisanduku kiliamka kwa furaha. Ilikuwa siku ya taarifa za mwaka. "Wananchi wa Kata ya Itambo, hongereni. Mwaka huu katika kata yenu hakuna aliyekufa kwa ugonjwa wa figo." Nilisimama nikakitazama. Kilikuwa kinasema kweli kadiri kilivyojua. Na mahali fulani katika kata nisizozijua, watu wenye mioyo dhaifu walikuwa wanaamka, wanapelekewa vikombe sahihi, hawajui kitu. Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilichukua jembe nikatoka.

Kaka yake Sechelela, Ndahani, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amefika kwa pasi ya msiba na vijana wawili wa kwao. Tulichimba ubavuni mwa Kalunde, upande wa mizinga. Jeneza lilipoletwa, Ndahani alitazama huku na huku.

"Jamani," akauliza, "dada yangu atazikwa kimya hivi? Mtani wake hapa ni nani?"

Watu wote walinigeukia mimi.

Mimi ni mume wake kwa cheti, na mume hukaa pembeni analia. Lakini Mgogo mtani wake ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi aliyemjua zaidi nilikuwa mimi. Sijawahi kuchekesha mtu maishani mwangu. Yusta alinitazama, akasugua macho kwa kiganja. Nikatua jembe. Nikamwomba shangazi gauni la kijani, nikalivaa juu ya shati, likanibana mabegani na kuchanika kwapani. Nikashuka kaburini, nikajilaza chali, mikono kifuani.

Udongo ulikuwa laini, kama alivyosema. Juu niliona mbingu nyembamba na vichwa vya watu vimezunguka, vinangoja. Nikavuta pumzi.

"Mume wangu!" nikaita kwa sauti yake. "Chai iko wapi?"

Wa kwanza kucheka alikuwa kaka yake.